Upande wa Bibi Harusi

Kemunto amekufa Jumanne. Aliyenipigia simu ni mwanawe wa kwanza, Kipkemoi, kijana anayenikumbuka akitaka kitu na kunisahau akishakipata. Nilikuwa kwenye kibanda changu hapa Litein nimeshika sweta ya mtoto, mama mmoja akiniambia rangi imepauka, nami nikimwambia hiyo ndiyo rangi yenyewe ilivyotoka kiwandani. "Mama Cheruto," Kipkemoi akasema, "tunazika wiki ijayo. Tunataka uongee kwa niaba ya watu wa kwao." Nikamuuliza kwa nini mimi, nami nimezaliwa boma lile lile lililomwoa. Akasema, "Kwao tumetafuta, hatujapata mtu. Na wazee wanasema siku ya mahari wewe ndiye ulikaa upande wake." Nikauliza nitapewa dakika ngapi. Tano, akasema. Nikataka kumi. Tukaachana kwa saba, na nilipoinua macho yule mama alikuwa ameshaenda na sweta kwa bei aliyojipangia mwenyewe. Miaka yote niliyouza mitumba, sijawahi kuibiwa bei namna hiyo. Hata kufa kwake Kemunto kumenigharimu.

Dakika saba mbele ya kaburi nitasema alikuwa mchapa kazi, mkarimu, mcha Mungu, na yote ni kweli. Hilo ndilo lililokuwa likiniudhi. Hapa, ambapo hakuna mchungaji anayeangalia saa, nitasema na ile sehemu nyingine. Nilimwonea wivu mwanamke yule. Si wivu wa nguo au wa mwanamume, huo una dawa. Nilimwonea wivu wa nyumba moja ya udongo yenye mlango mfupi, na wa bibi mmoja mzee mnusa ugoro aliyekaa ndani yake. Naye alivipata vyote viwili, na mimi ndiye niliyempatia. Nimeipiga hesabu hiyo mara mbili na jibu halibadiliki.

Bibi huyo tulimwita Kogo, ndivyo Wakipsigis tunavyomwita nyanya. Hakuwa amemzaa baba yangu. Alikuwa mke wa pili wa babu, mwenye nyumba yake na shamba lake la chai, na mabinti wawili walioolewa mbali. Mtoto wa kiume hakupata. Babu alipokufa, mimi nilikuwa nimeshahamia kwake kumsaidia kuchuna, na nilipofika umri wa kuvaa viatu vya shule ya upili nilikuwa naijua nyumba ile kuliko ya mama yangu. Najua jiwe gani la jiko lilikuwa linayumba. Najua Kogo alificha sukari wapi, na alijua ninajua, kwa hiyo aliihamisha kila mwezi na mimi nikaitafuta kila mwezi, tukaishi vizuri. Jioni alitoa kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya kugandishwa kwa mkaa, akaninywesha kwanza mimi ndipo akanywa yeye. Nyumba nzima ilinuka moshi, ugoro na maziwa. Nilijua msichana harithi shamba, sikuwa mjinga. Nilichotaka ni kukaa pale pale.

Basi ukaja ule mwaka. Sisi tuliuita vita, redio ikauita vurugu, na waliochomewa nyumba sijui waliuita nini kwa sababu hawakukaa tukawauliza. Majirani waliotoka Kisii na wale wafanyabiashara waliotoka mkoa wa kati wakaambiwa warudi walikotoka, wengine wakiwa hawajui huko ni wapi kwa maana walizaliwa hapa. Hapa Litein maduka yalifungwa yakafuatana kama meno yanayong'oka. Mwenye kinu cha kusaga unga, mtu wa Murang'a aliyejua kuongea lugha yetu kuliko watoto wetu, aliondoka na familia yake akiacha gunia la mahindi ya watu likiwa limefunguliwa. Tukarudia kusaga kwa jiwe. Kina mama waliokuwa wakisema "hawa watu wametujaa" wakaanza kusema "ndizi zimeenda wapi?" Ndizi zilienda na wenyewe. Lori la kiwanda cha chai lilikuwa haliji, majani yakachakaa kituoni mpaka yakageuka rangi ya tumbaku, tukayamwaga. Chumvi ikawa ya kuomba. Na Baba mdogo Kiprono, ndugu mdogo wa baba aliyepakana na Kogo, alirudi mchana mmoja amebeba mlango mgongoni. Mlango peke yake, wa mbao nzuri, kufuli likiwa bado limefungwa. Nilimuuliza ufunguo uko wapi. Akaniambia niende nikachote maji.

Kemunto alikuwa binti wa mtu wa Kisii, mchuna chai wa shamba kubwa la kampuni, ng'ambo ya mto, na walikaa kwenye nyumba za wafanyakazi. Siku za mapumziko alikuja kumchunia Kogo, akalipwa maziwa. Alichuna kwa mikono miwili bila kuangalia, vidole vikienda kama mtu anayepiga taipu, na Kogo alimsifu kwa sauti ili mimi nisikie. Tulikuwa wa rika moja. Nilimzidi miezi michache, na nilihakikisha anajua. Siku kambi yao ilipochomwa yeye alikuwa katikati ya chai yetu na kikapu mgongoni. Tuliona moshi. Tukasikia lori likipiga honi barabarani, lile lililowabeba watu kuelekea Kisii, na Kemunto akaanza kukimbia na kikapu chake hadi Kogo akamshika kwa kamba ya kikapu kama anayeshika ndama. "Ukitoka kwa barabara hiyo hutafika," alimwambia. Lori likaondoka na mama yake, baba yake na ndugu zake. Honi ilisikika mpaka kule juu kwenye kona, halafu basi.

"Atalala hapa leo," Kogo akaniambia.

Nimefanya biashara miaka mingi na sijawahi kukutana na "leo" ndefu kama ile. Tulikuwa na mablanketi mawili, moja la Kogo na moja langu. La Kogo halikugawanywa. Kemunto alilala kwenye ngozi yangu ya kulalia, chini ya blanketi langu, na hakukoroma wala kupiga teke, nikakosa cha kulalamikia. Wiki ya kwanza hakuzungumza. Wiki ya pili alisonga ugali wa wimbi, na Kogo alipouonja akafumba macho. Mimi nilikuwa nimemsongea ugali kwa miaka, na hajawahi kufumba hata jicho moja. "Chelang'at," akaniita, "njoo uone jinsi unavyoshikana." Nikasema nimeuona. "Njoo uone vizuri." Nikaenda, nikaona ugali. Siku nyingine nilirudi na kuni nikawakuta wameketi na kibuyu katikati yao, Kogo akimwonyesha namna ya kupaka mkaa ndani kwa kijiti, akimshika kiganja. Mimi hayo nilijifunza kwa kuangalia. Hakuna aliyenishika kiganja. Niliziangusha kuni zote pamoja. Hakuna aliyeshtuka.

Baba mdogo alikuja akasimama nje, kwa sababu mlango ule mfupi ulimlazimu kuinama na hakupenda kuinama. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta nikichambua saga, ile mboga yetu chungu, nikasikia yote.

"Mama, huyo msichana ataleta moto kwa hii boma."

"Moto? Moto si umeshaingia. Ulikuja na ule mlango wako."

"Mimi nakuambia wanachosema vijana. Wanauliza ni nani amebaki."

"Waambie nimebaki mimi."

"Ukifa, hii chai itaangaliwa na nani? Si ni sisi? Sasa unataka tuangalie majivu?"

Kogo alinusa ugoro, nikasikia anavyovuta pua ya kushoto na ya kulia. Kisha akasema kwa utulivu, kama anayetaja bei ambayo haishuki: "Nitamwoa."

Nitaeleza hapa kwa wasiojua. Kwetu mwanamke aliyekosa mtoto wa kiume anaweza kuoa mwanamke mwenzake. Anatoa mahari, anakuwa ndiye mume mbele ya wazee, na watoto watakaozaliwa na huyo mke wanakuwa wa nyumba yake, wanarithi ng'ombe na shamba. Tunaita toloch, ile nguzo ya katikati inayozuia nyumba isianguke. Hakuna mzee anayeweza kumkatalia bibi haki hiyo. Kwa hiyo sentensi moja ile ya Kogo ilifanya kazi mbili: Baba mdogo aliona chai ikimtoka, na mimi niliona nyumba ikinitoka. Tangu siku hiyo tulikuwa chama kimoja, yeye na mimi, ingawa hatukuwahi kufanya mkutano.

Nilimfuata Kemunto shambani kesho yake. Nikamuuliza kama ni kweli amekubali kuolewa na bikizee. Aliendelea kuchuna.

"Wewe ungekubali?" akaniuliza.

"Mimi siwezi. Mimi ni wa hapa."

"Ehe. Umeona?" Akatupa majani nyuma kwenye kikapu. "Unaniangalia kama nimekuibia kitu. Sema ni nini nirudishe. Blanketi? Chukua. Kogo? Chukua. Chukua na lori. Chukua na mama akiita jina langu mpaka kwa kona. Tubadilishane leo leo, mimi sitaomba nyongeza."

Hiyo pia nilimwonea wivu, kwamba alikuwa na la kusema na mimi sina.

Shida ilikuwa moja. Mahari hupokewa na watu wa msichana, na watu wa Kemunto walikuwa wamebebwa na lori. Ndoa bila upande wa pili ni wizi, na wizi haulindi mtu. Kogo akatembea mpaka kwa Arap Mosonik, mzee mmoja ambaye ukoo wake, kila mtu alijua, ulitoka upande wa Kisii zamani za mababu ukageuka Wakipsigis. Huyo akakubali kusimama kama baba. Lakini alikuwa hasikii vizuri, sikio moja limekufa na lile lingine linafanya kazi likipenda, kwa hiyo alihitaji mtu wa kukaa kando yake na kumrudishia maneno. "Chelang'at atakaa," Kogo akasema. "Nimemwona Litein na wauza vitunguu. Huyo hatawaacha watu wa bibi harusi wapunjwe." Nilimwangalia usoni kuona kama ananicheka. Alikuwa anafunga kitambaa cha kichwa.

Basi siku ya mahari nilikaa ng'ambo ya chumba, nikiwakabili watu wa boma langu mwenyewe. Wazee walikaa kwenye viti vya kuazima, harufu ya majani mabichi waliyotandaza sakafuni ikichanganyika na ya makoti ya mvua. Kemunto alikaa nyuma yetu amefunikwa shuka mpaka machoni. Baba mdogo alikuwa ameshatangaza mbele ya wote, kwa sauti ya mtu mwema, kwamba hataki kumzuia mama yake haki. Akiweza kutoa mahari itakayotajwa, ndoa iwe. Alijua Kogo ana ng'ombe wawili, mmoja wao mzee. Nami nilijua. Niliinama kwenye sikio zima la Arap Mosonik.

"Wanauliza unataka ng'ombe wangapi. Sema sita."

"Wangapi?"

"Sita, Mzee. Na mbuzi."

"Si nyingi? Kwa msichana aliyekuja na kikapu?"

"Anasonga ugali wa kufumba macho," nikamwambia. Ilikuwa kweli na iliniuma.

Mzee akasema sita. Upande wa Kogo ukaguna. Nilimwona Baba mdogo akishika kidevu ili asitabasamu. Nikaona moyo wangu unapanda kama siku ya soko, nikainama tena nikamwambia mzee aongeze wa saba, mwenye mimba, kwa sababu msichana anajua kuchuna kwa mikono miwili na atalirudishia boma hilo gharama yake. Akaongeza. Mzee mmoja akasema siku hizi hakuna anayetaja saba, hata kwa mwalimu. Nilikaa nikingoja Kogo apunguze, aombe, ashindwe, tule viazi, wageni waende kwao, na usiku mimi na yeye tubaki wawili.

Kogo alisimama. Hakupunguza hata mguu wa mbuzi. Alisema wawili wako kwake, na watano wako kwenye zizi la Kiprono. Akaanza kuwataja. Yule mwekundu wa pembe iliyopinda, aliyezaliwa na yule mweupe ambaye babu alimpa yeye, Kogo, wiki aliyojenga nyumba hii. Yule wa baka kifuani, mdogo wake. Akafuata ukoo wa ng'ombe kutoka bibi hadi mjukuu, na wazee wakawa wanaitikia kwa vichwa kwa sababu baadhi yao walikuwepo siku ya kugawa. Ng'ombe wa nyumba ya Kogo walikuwa wamechanganywa na wa Baba mdogo babu alipokufa, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuwachambua, mpaka mimi nilipoitoa. Baba mdogo alifungua mdomo. "Ulisema akiweza," mzee mmoja akamkumbusha. Akaufunga.

Kabla ya wiki kuisha ng'ombe wale watano walikuwa wanakula nyasi kwa Arap Mosonik, wale wawili wa Kogo wakiachwa kwanza kwa ajili ya maziwa, na Baba mdogo alikuwa haongei na mtu.

Vijana walikuja asubuhi, tukiwa tunakamua. Walikuwa wengi, wengine nimesoma nao, wakiwa na pinde na mishale na nyuso zimepakwa rangi. Kiongozi wao hakutusalimu. "Tumesikia kuna doa limebaki hapa," akasema. Kemunto alikuwa ndani. Mimi nilikuwa na ndoo ya maziwa mkononi. Ningependa kuandika kwamba nilisimama mlangoni. Aliyesimama ni Baba mdogo. Alitoka kwake mbio, shati halijafungwa, akiwa na rungu.

"Doa gani? Nani amesema doa?"

"Yule Mkisii, Mzee. Toa tu, hatutagusa boma."

"Huyo ni mke wa hii nyumba! Wewe unajua ni ng'ombe wangapi zimetoka kwangu kwa sababu yake? Tano! Zako ziko ngapi, wewe? Ukimgusa utanilipa na nini, hiyo rangi ya usoni?"

"Mke wa nani?"

"Wangu," Kogo akasema. Alikuwa ameinama akitoka kwenye ule mlango mfupi, akanyooka polepole, ameshika fimbo ya babu. "Mimi ndiye mume. Uko na swali?"

Mmoja akacheka, kisha wengi, kile kicheko cha watoto waliokatazwa. Kiongozi alimwangalia Baba mdogo, akaliangalia rungu, akawauliza wenzake kama ni kweli mahari ilitolewa. Wawili wakasema ndiyo, baba zao walikula. Saba, mmoja akaongeza kwa heshima. Wakageuka. Walipofika chini waliingia kwa fundi wa cherehani, mtu wa Kisii ambaye alikuwa ametushonea sare zetu zote, na huko hapakuwa na mtu aliyekuwa amelipa ng'ombe. Tuliona moshi tena. Baba mdogo alisimama getini mpaka jua likawa kali, akilinda mali yake, na usiniambie alikuwa anamlinda Kemunto kwa sababu jina lake hakuwa amelijua.

Nilipiga hesabu pale pale na ndoo yangu. Mahari ingekuwa wawili, Kogo angetoa wake, na Baba mdogo asingekuwa na hasara yoyote ya kumtoa nje mbio. Angewaonyesha mlango. Kilichomwokoa Kemunto ni wale watano, na wale watano waliitwa na mdomo wangu. Nikageuka kumwangalia Kogo. Alikuwa ameshakaa kwenye gogo lake, anagonga kikopo cha ugoro.

"Uliniweka pale kwa makusudi," nikamwambia.

"Nilihitaji mtu ambaye hatashusha," akasema. "Nani mwingine alitaka bei ipande hivyo?"

Niliuza vitunguu baada ya hapo, halafu ndizi, halafu nguo, na hakuna aliyewahi kuniuzia kitu namna ile, kwa kutumia uchungu wangu mwenyewe kama mtaji. Nilihama mwaka ukielekea kuisha, soko la Litein lilipoanza kupumua, nikalala kwa rafiki nyuma ya vibanda. Hakuna aliyenifukuza. Nyumba ya toloch ni ya mke. Mjukuu hukaa mpaka mke anapokuja, na mke alikuwa amekuja.

Nilirudi kuwaona mara moja kabla ya Krismasi, na vitunguu na robo ya sukari. Ukuta ulikuwa umekandikwa upya. Kemunto alikuwa mjamzito. Mwanamume alichaguliwa na Kogo, kama desturi inavyotaka, na si kazi yangu kumtaja. Kemunto alinipokea mlangoni, akanipa kigoda cha wageni, akanimiminia mursik, akangoja ninywe kwanza. Ilikuwa tamu. Nilitafuta kasoro mpaka chini ya kikombe.

"Habari ya Litein, mjukuu wangu?" akaniuliza.

Nilingoja wacheke. Mke wa nyumba ya babu ni nyanya yako, hata kama umemzidi miezi, hata kama juzi mlilala chini ya blanketi moja. Hiyo ni sheria na mimi nilikuwa naijua. Lakini nilingoja. Kogo alikuwa anapanga kuni na hakuinua uso. Kemunto alikuwa ameshika kibuyu, ananiangalia, hana haraka, kama muuzaji anayejua kwamba mteja hana duka lingine.

"Nzuri, Kogo," nikasema.

Wakaitikia wote wawili.